Siwema Atambeba Mwenyewe

Siwema binti Kondo wa Kibuta alivunjika mguu kwa sababu hakutaka kumngoja mwanamume. Paa lilikuwa linavuja. Mumewe Mwinjuma alikuwa anasema kesho tangu mvua za vuli zilipoanza, na kesho yake haikufika. Basi asubuhi moja Siwema akajifunga kibwebwe, akaegemeza ngazi, akapanda na makuti yake. Alikuwa ameshaezeka upande mmoja, tena vizuri kuliko fundi, pau lililooza likaachia. Akaangukia kinu. Kinu hakikupata kitu. Muundi wa mguu wa kulia ndio uliovunjika.

Walipomwinua, neno lake la kwanza halikuwa pole wala mama. Aliuliza, "Mwanaamina anatoka lini?"

Mwanaamina alikuwa binti wa kaka yake, Kitwana, na wakati ule alikuwa mwali, yuko ndani, haonwi na watu. Katika ukoo wa Kondo, mwali siku ya kutolewa hakanyagi chini. Hubebwa mabegani na shangazi yake mkubwa, akazungushwa uwanja mzima ngoma ikilia, huku watu wakimtunza. Siwema mwenyewe alibebwa hivyo na shangazi yake, na tangu Mwanaamina azaliwe alikuwa anatangaza kuwa mabega ya kumtoa ni haya yake, asitafutwe mwingine. Kitwana alikwisha kusema kwamba mpunga ukishavunwa mwali atoke, maana watu wa mchumba kule Masaki walikuwa hawalali kwa kuuliza.

Shangazi wa pili alikuwa Biubwa, baba mmoja na Siwema, mama mbalimbali. Miguu yake ilikuwa mizima na mdomo wake mzima zaidi.

"Pole, dada," alisema Biubwa jioni ile ile, amesimama mlangoni. "Ya mwali usijitie mashaka. Mimi nipo."

"Najua upo," akajibu Siwema kutoka kitandani. "Endelea hivyo hivyo kuwepo."

Aliitwa Mzee Mfaume wa Marui, ambaye mikono yake ilikuwa imewanyoosha wakwezi wote walioanguka minazi huku na huku. Aliuvuta mguu, akaupanga, akaufunga kwa majani ya dawa na banzi za mianzi. Halafu, kama ilivyo desturi yake, akataka kuku. Akaletewa koo mweupe. Akamvunja mguu mmoja, ta! akamfunga dawa ile ile na banzi kama zile, akamfunika kwa tenga uani.

"Huyu ndiye mwenzio," akamwambia Siwema. "Siku atakayokanyaga, na wewe kanyaga. Kabla ya hapo hata nyumba ikiungua, utolewe na kitanda chako."

"Kwa nini kuku, babu?"

"Kwa sababu kuku hana haraka ya ngoma."

Siwema akatii, na kwake yeye hilo lilikuwa jambo kubwa. Akalala akingoja kuku. Kila asubuhi alimwuliza Mwinjuma mwenzangu anaendeleaje, na Mwinjuma akajibu hajambo, mama Mwamini, anakula. Mzee Mfaume aliporudi kumfungua kuku zile banzi, kuku akapiga mbio uani akifukuza panzi kama hajapata kuugua maisha yake.

"Unaona?" akasema mzee, naye akashangaa kidogo. "Hata mimi sikumtegemea upesi hivi. Haya, inuka."

Siwema akainuka kwa furaha yote ya duniani. Akaweka mguu chini, akaulalia. Ndani ya muundi kitu kikalia kama kijiti kibichi, na yeye akaanguka pale pale.

Mzee Mfaume akatikisa kichwa muda mrefu. "Kuku amepona. Dawa ilikuwa moja, mkono ulikuwa mmoja. Basi hapa kuna jicho la mtu."

"Jicho la nani?"

"La mtu."

"Na huyo mtu mwili wangu wote huu, ameona muundi tu?"

Mzee akaanza kukusanya banzi zake. Siwema hakumdharau, la. Alikuwa akimheshimu kama baba. Lakini jibu lile lilimkaa kooni. Biubwa alipoanza kupita nyumba kwa nyumba akisema ati wazee wa ukoo wenyewe, waliolala makaburini, wamemkataza dada yake asimbebe mwali, Siwema akasema basi. Atamtafuta mtu mwingine wa kumwuliza, na huyo asipojua atamtafuta mwingine, mpaka aishiwe pumzi.

Binti yake Mwamini alikuwa ameolewa Kibaha, na huko kulikuwa na zahanati yenye dresa aliyesifiwa kwa vidonda na mifupa. Siwema akapelekwa kwa machela, Mwinjuma mbele na wapwa zake nyuma, njia nzima akiwaelekeza wapi pana shimo.

Dresa huyo aliitwa Alfonce, kijana wa kaptura ya kaki iliyonyooshwa ikanyooka. Akaupapasa mguu polepole.

"Mfupa ulikuwa haujashika, mama. Ulitembea mapema, ukavunjika tena. Nani alikwambia utembee?"

"Kuku."

Alfonce akaweka mkasi chini. "Kuku?"

"Alivunjwa mguu siku moja na mimi. Alipotembea, nikatembea."

"Mama yangu, hata mfupa wa kuku hauungi upesi hivyo. Huyo kuku alivunjika kweli?"

Siwema akafungua kinywa amtetee kuku wake. Halafu akakifunga. Akageuza shingo taratibu mpaka alipomwona mumewe, ambaye amesimama karibu na mlango anatazama boriti kana kwamba anataka kuzinunua.

"Baba Mwamini."

"Naam."

"Kuku."

Mwinjuma akalowa jasho. "Kicheche, mke wangu. Kicheche alimla yule wa kwanza mapema kabisa. Nikaogopa. Mzee alisema ndiye mwenzio. Mwenzio akiliwa, wewe je? Nikatafuta mweupe mwingine anayefanana naye."

"Ukamvunja mguu?"

"Nilitaka."

"Ukamvunja?"

"Alinitazama, mama Mwamini."

"Kwa hiyo ukamfunga banzi mguu mzima."

"Nilimfunga vizuri sana," akasema Mwinjuma.

Alfonce akageukia ukuta, mabega yakimtikisika. Siwema hakucheka siku ile, alikuja kucheka baadaye sana. Lakini palepale kitandani alijisikia mwepesi. Hapakuwa na jicho la mtu, wala wazee wa ukoo hawakumkataa. Palikuwa na mwanamume mwenye huruma ya kijinga, basi, na huyo anamjua, amezaa naye.

Alfonce akaunyoosha mguu upya, Siwema akiuma upindo wa kanga, akaufunga kwa bandeji ya chokaa ikakauka ikawa jiwe. Siwema akakaa kwa Mwamini mpaka mahindi ya watu yakachanua, yakabeba, yakakauka. Bandeji ilipopasuliwa, mguu ulitoka mwembamba kama mpini wa jembe, na goti halikutaka kukunjika.

"Umeunga," alisema Alfonce. "Lakini umepinda kidogo, na ulivunjika mara mbili. Utatembea kwa fimbo. Mizigo ndiyo basi tena. Mtu usimbebe, hata mtoto mchanga."

Siwema akamtazama usoni. "Mwanangu, hilo unalijua au unaliogopa?"

Kijana akafikiri. Alikuwa mtu mkweli. "Naliogopa, mama. Macho yangu hayaoni ndani ya nyama."

"Ya nani yanaona?"

"Mjini Mzizima, hospitali kubwa, ipo mashine ya kupiga picha mifupa."

"Asante. Hukunidanganya, Mungu akuzidishie."

Alirudi Kibuta na fimbo yake. Biubwa alipoiona akasema, "Imekupendeza, dada." Siwema akamwambia atamwachia iwe urithi, maana ulimi nao unahitaji kitu cha kuegemea. Keshoye akapanda lori la mkaa kwenda mjini. Dereva alimwonyesha mahali juu ya magunia. Siwema akafungua mlango wa mbele akakaa, na safari ikaenda hivyo.

Daktari alikuwa mzungu mrefu, na muuguzi mmoja wa Pugu, Yosefina, ndiye aliyekuwa akitafsiri. Picha ilipotoka, daktari akaiinua dirishani. Siwema akaona mfupa wake mwenyewe, mweupe, una fundo nene mahali ulipoungana. Hakuogopa. Aliuona kama mtu amwonavyo ndugu aliyetoka safari.

"Anasema mfupa umeshika vizuri," akasema Yosefina. "Pale palipovunjika ni panene kuliko kwingine."

"Mwulize kama unaweza kubeba mtu."

Daktari akauliza kitu. Yosefina akatabasamu. "Anauliza, mtu gani?"

"Mwali."

"Anauliza, mwali ana uzito gani?"

"Mwambie amefungiwa ndani mwaka mzima anakula na kupakwa mafuta. Afikirie mwenyewe."

Daktari akacheka mpaka akavua miwani. Kisha akashika goti la Siwema, akalikunja, Siwema akapiga kelele. Akashika kifundo. Akabonyeza mfupa. Hapo Siwema hakupiga kelele.

"Anasema, umeona panapouma?" akasema Yosefina. "Si mfupa. Ni goti na kifundo vimelala kwa kukaa sana, na nyama imeisha. Mfupa utabeba. Nyama ndiyo ifundishwe. Uanze na mzigo mdogo, uongeze. Mfupa ukiuma, acha. Nyama ikiuma, iache iume."

"Mama Yosefina, hayo yamesemwa na yeye au umenitia moyo wewe?"

"Yote kayasema yeye, shangazi. Hilo la kuiacha iume ndilo nimelisema kwa ukali zaidi."

Kutoka mjini Siwema hakwenda nyumbani kwanza. Alikwenda Marui kwa Mzee Mfaume. Akamwamkia, "Shikamoo, babu." Mzee akaitikia marahaba bila kumtazama, maana habari za dresa na mashine zilikuwa zimemfikia.

"Babu, kuku wako hakudanganya," akasema Siwema. "Alidanganywa." Akamweleza habari ya kicheche. Mzee Mfaume akaanza kucheka, cheko la mtu aliyetuliwa mzigo.

"Na sasa umekuja kunisuta?"

"Nimekuja kukandwa. Mzungu anasema goti limelala. Mimi simjui mtu mwingine wa kuliamsha."

Mzee akamkanda kwa maji ya moto na mafuta ya mbarika, asubuhi na jioni, akimkunja goti bila huruma. Siwema akarudi Kibuta goti linakunjika. Akaanza na kibuyu cha maji. Akaja na debe. Akaja na tenga la mihogo. Siku alipobeba gunia la mkaa kutoka tanurini mpaka barabarani, Kitwana alimwambia, "Dada, gunia halichezi. Mwali akiwa juu anapiga mabega, anayatikisa ngoma ikilia. Ukianguka naye?"

Neno hilo lilikuwa la haki, na Siwema alilijua. Mzigo usio na roho si sawa na mzigo wenye roho. Akafikiri, akamtazama mumewe, ambaye alikuwa mtu mfupi na mkavu.

"Baba Mwamini, njoo tuende shambani."

"Kufanya nini?"

"Ulimfunga kuku asiyevunjika. Sasa utakuwa mwali."

Huko kwenye mikorosho, mbali na watu, Siwema alichuchumaa, Mwinjuma akampanda mabegani huku anaomba Mungu. Kubeba si kazi. Kuinuka ndiyo kazi. Mara za kwanza waliviringika wote kwenye majani makavu.

"Piga mabega!" akaamrisha Siwema walipofanikiwa.

"Mke wangu, mimi ni mwanamume mzima."

"Mwali hasemi. Piga mabega!"

Biubwa, aliyekuja kuokota korosho, aliyaona hayo. Akalitupa kapu lake, akakimbia kijijini kusimulia. Na kwa mara ya kwanza hakuna aliyemwamini.

Mpunga ukavunwa. Siku ikafika. Uwanja wa Kitwana ukajaa watu wa Kibuta, Marui na Masaki. Biubwa amekwisha kujifunga kanga mbili mpya, anazunguka mlangoni kama mtu anayengoja kuitwa. Siwema akaja bila fimbo, anachechemea. Hakumwomba mtu ruhusa. Akachuchumaa mbele ya mlango, akainamisha kichwa.

Mwanaamina akatolewa, anang'aa mafuta, macho chini, akakalishwa mabegani pake. Kweli alikuwa amenona. Ngoma zikanyamaza. Mguu wa kulia ukatetemeka tangu kifundo mpaka nyonga. Nyama iliuma. Mfupa haukuuma. Siwema akavuta pumzi, akainuka.

Uwanja ukalipuka. Ngoma zikadaka, vigelegele vikaenda juu, Mwanaamina akaanza kupiga mabega, na Siwema akampokea chini kwa miguu, mmoja ulionyooka na mmoja uliopinda, akizunguka. Walipomaliza uwanja mzima, Kitwana akanyoosha mikono ampokee mwali.

"Inatosha, dada! Umeshamtoa!"

"Nani kasema nimechoka? Watu wa Masaki wa upande ule hawajamwona!"

Biubwa akamfuata ubavuni, anacheza naye, anapaza sauti juu ya ngoma. "Unachechemea, dada!"

"Nachechemea na mwali!" akapiga kelele Siwema. "Wewe unanyooka na nini?"

Hata Biubwa alishindwa, akacheka. Akafungua kanga moja mpya, akaitandika chini mbele ya miguu ya dada yake, na Siwema akaikanyaga, wa kulia kwanza.