Neno Ambalo Mama Alikataa Lifutwe

Kwetu Ndalu mtu akifa, hema hukodishwa, ng'ombe hutafutwa, nami hupigiwa simu Kitale. Mimi ni mwalimu wa Kiingereza katika shule ya upili ya huko, na kazi yangu msibani ni kuandika wasifu wa marehemu, ule unaochapishwa pamoja na picha yake na kusomewa waombolezaji. Lazima uwe wa Kiingereza. Hata kama marehemu hakukijua, na nusu ya wasikilizaji hawakijui, tunaona si heshima kumzika mtu bila Kiingereza chake.

Nimeifanya kazi hiyo miaka mingi, na sitajidai mnyenyekevu: naifanya vizuri. Lakini wenye haraka huchukua wasifu wa marehemu wa juzi, wakabadilisha jina na picha, sifa zikabaki zilezile. Ndiyo maana kwetu kila maiti ni "humble", yaani mnyenyekevu. Hata jirani yetu aliyekuwa akiwatukana wapita njia kutoka uani kwake alisomewa kwamba alikuwa mpole wa maneno. Mjane wake aliinua kichwa akalitazama jeneza, kama anayehakikisha aliyemo ni mumewe.

Siku hiyo Mama alikuwa ameketi kando yangu. Akaniinamia.

"Mimi usiningoje nikufe," alisema. "Yangu andika mapema, nisikie."

Nilidhani ni utani. Mwaka jana alipofikisha miaka themanini, tukapanga ibada ya shukrani pale nyumbani, akanikumbusha.

Darasani huwa nawaambia wanafunzi kwamba Kiingereza hakikupi neno moja tu la mtu anayejulikana. Aliyejulikana kwa mema ni "famous", aliyejulikana kwa mabaya ni "notorious", na ole wako uyachanganye kwenye mtihani. Mama yangu angenishinda kumpanga. Ukishuka Ndalu ukasema unaenda kwake, mwendesha bodaboda hakuulizi njia, na wanunuzi wa mahindi wa Moi's Bridge wanamjua kwa sauti. Anajulikana kwa jambo moja.

Baba alifariki nikiwa darasa la nne. Matanga yalipoisha, ndugu zake waliketi wakaamua Mama arudi kwao na shamba libaki mikononi mwao. Kesho yake asubuhi Mama alifunga ng'ombe kwenye jembe la kukokotwa akaanza kulima, nami nyuma yake nikidondosha mbegu. Walikuja wakasimama mpakani wakamwita mkaidi. Alilima mpaka mwisho wa mstari, akageuza ng'ombe, akarudi akiwaelekea. Waliitwa na chifu, wakaenda, wakarudi, naye bado yumo shambani. Shamba hilo ndilo lililonisomesha.

Kwa hiyo katika wasifu wake niliandika "stubborn", mkaidi, nikaeleza kisa chote.

Kati ya ndugu wale amebaki mmoja, baba yangu mdogo, karani mstaafu anayeishi Bungoma mjini. Ndiye mkubwa wa ukoo sasa, ndiye angetoa shukrani za familia. Nilimpelekea karatasi kwa adabu. Aliisoma polepole, kidole kikifuata mistari, akafika kwenye 'stubborn', kidole kikasimama.

"Hii neno toa," alisema. "Watu watasema nini? Weka 'humble'. Na hii maneno ya shamba, si ilipita?"

Mimi ninayefokea darasa zima nilijibu, "Sawa, baba." Bado naona haya nikikumbuka.

Nilipomsomea Mama wasifu mpya, alinikatiza pale pale kwenye 'humble'.

"Hiyo ni kusema nini?"

"Mnyenyekevu."

"Huyo ni wale wa kaburi. Kwanza ulikuwa umeandika nini?"

Nikamwambia, na nikamwambia aliyekataa. Aliendelea kuchambua maharagwe yake.

"Rudisha. Na ukisoma, usiikimbie."

Niliogopa. Baba mdogo angeweza kuinuka na watu wake wakaenda, na sherehe ya Mama ikageuka kesi ya ukoo. Lakini nilirudisha.

Siku ya ibada nilisoma kwa Kiingereza, na nilipofika kwenye neno lile nikalisema taratibu, kisha nikalieleza kwa Kiswahili pamoja na kisa chake, ng'ombe, mpaka na wale waliosimama pale. Mama alikaa wima kuliko nilivyowahi kumwona, na moyo wangu ulijaa fahari. Nikampa baba mdogo kipaza sauti, maana ratiba ilisema ni zamu yake.

Aliinuka, akakishika kwa mikono miwili.

"Ile siku mimi nilikuwa pale mpakani," alisema. "Mimi ndiye nilimwambia atoke. Sasa nauliza nyinyi watu wetu. Kama huyu mama angekuwa 'humble', hii hema leo tungesimamisha kwa shamba ya nani?"

Mama alimwondoa mjukuu kwenye kiti cha pembeni yake, akakipangusa kwa kiganja.

"Shemeji," alisema, "kuja ukae."