Nilivyogawanya kwa Sifuri Mbele ya Mashemeji Chwele

Kama mlikuwa mnashangaa kwa nini kwa miezi kadhaa nilikuwa nachukua viazi Saboti na kuvizungusha hadi Webuye ndio nifike Bungoma, badala ya kukata njia ya Chwele kama mtu mwenye akili zake, jibu ni aibu. Nilikuwa naogopa kuonekana Chwele. Sasa nimepoa, naweza kusimulia, lakini mkicheka chekeni polepole.

Mnanijua, mimi si mtu wa kukaa mahali pamoja. Nimekodi shamba Ndalu nikalichoka kabla mahindi hayajakauka, nimechimba visima Lodwar, nimeuza mitumba Malaba, na kote huko nilikobeba begi langu nimebeba pia kitu kimoja ambacho hakuna mtu anaweza kuninyang'anya: hesabu yangu ya kidato cha nne. Pale Kitale tulikosomea, wenzangu walipokuwa wanaifanya kalkulasi kwa penseli wakiwa na raba mkononi, mimi nilikuwa naifanya kwa kalamu ya wino (na hilo si majigambo, muulizeni yeyote aliyekaa dawati la nyuma yangu). Shule iliishia hapo, chuo sikuona, lakini zile siku bado nazikumbuka kama juzi.

Sasa, dada yangu Wanjiru ameolewa Chwele na Wafula, na kwa Wabukusu ndugu ya mama, yaani khocha, si mtu wa mchezo. Mtoto akipata jambo kubwa, khocha lazima asimame aseme, na akishasema, basi, hakuna wa kumpinga, hata baba mzazi ananyamaza. Kwa hivyo binti yao Nekesa alipopata nafasi ya uhandisi katika chuo kimoja Kitale, niliitwa kwenye maombi ya kumuaga. Ilikuwa Jumapili, na Jumatatu asubuhi Nekesa alikuwa anatakiwa kuchagua somo lake la hesabu: aanze Kalkulasi ya Kwanza kama wengi, au kwa kuwa alipita vizuri shuleni, airuke aingie ya Pili moja kwa moja. Ukichagua vibaya ukaanguka, unarudia mwaka. Hilo nililijua. Nekesa mwenyewe aliniambia nikiwa nanawa mikono.

Dada yangu alinivuta kando. "Kariuki, utasimama, utambariki mtoto, utakaa. Umenisikia?"

Nikamwambia nimemsikia.

Nikasimama. Nikambariki. Na hapo ndipo ningekaa, kiti kilikuwa nyuma yangu kabisa, lakini mzee Simiyu, babake Wafula, akauliza kwa upole tu, "Khocha, na hii mambo ya kuruka hesabu, wewe unaonaje?" na mimi badala ya kusema aulizwe Nekesa, nikaona tenti imejaa, nikaona mashemeji wananingoja mimi muuza viazi, nikasema, "Mtu aliyesoma kalkulasi hawezi kurudishwa darasa la kalkulasi. Nekesa ataruka."

Makofi. Mzee Simiyu akasema, "Khocha amesema." Wafula akaitikia kwa kichwa. Nekesa alikuwa ameshika sufuria ya chai, akainama akaangalia chini.

Alinipata karibu na jiko. "Mjomba, mimi nilikuwa nataka kuanza ya Kwanza. Ile tulifanya shule ni kidogo sana."

"Kidogo? Unajua sisi tulikuwa tunaifanya kwa wino?"

"Chuo kimetuma maswali ya kujipima, iko kwa simu. Ukiyaweza yote, unaruka. Kuna mengine siyaelewi."

Mwenye akili angesema twende tukaketi tuyaangalie pamoja. Mimi nikaitisha ubao. Kanisa liko hapo jirani, wakaleta ubao wa watoto wa Sunday school na kipande cha chaki, wakausimamisha mbele ya tenti, nikavua koti nikamkabidhi dada yangu (alilipokea bila kuniangalia) nikasema kwa sauti kwamba hata shemeji zangu wataona hii kitu ni rahisi.

Swali la kwanza nililimaliza kabla Nekesa hajamaliza kulisoma. La pili lilikuwa intigresheni, nikawafundisha: unaongeza moja kwenye kipeo, unagawanya kwa kipeo kipya, unaweka c mwishoni, na msisahau c, watu wengi huanguka kwa sababu ya c. Mama mmoja pale nyuma akarudia, "Msisahau c." Nilikuwa nimefika mbinguni.

La tatu lilikuwa fupi kuliko yote. Moja juu ya x. Nikacheka. Nikasema hii ni x yenye kipeo cha kutoa moja, tunaongeza moja kama kawaida, tunapata sifuri, tunagawanya kwa kipeo kipya, na mkono wangu ukaandika, mimi nikiwa bado naongea, moja juu ya sifuri.

Nikarudi nyuma kidogo nikaiangalia. Nikaongeza c.

"Khocha," akasema shemeji mmoja anayeitwa Barasa, ambaye hupenda mzaha, "si hata class six hukatazwa kugawa na sifuri?"

"Ngoja," nikasema.

Wakangoja. Nikafuta kwa kiganja, nikaandika tena, ikaja palepale. Nikafuta kwa mkono wa shati. Ikaja palepale. Jasho na chaki vikaniingia machoni, na mtu akauliza kama khocha analia.

Mzee Simiyu ndiye alinimaliza, na wala hakutaka. Alisema, "Wacheni khocha. Ameshasema ataruka, ataruka. Sisi haturudishi neno la khocha." Nikageuka nikamwona Nekesa, na nikajua kesho ataenda Kitale achague ile ya Pili, kwa sababu mimi nimesema, na ataingia kule na hii hesabu yangu ya wino. Pikipiki yangu ilikuwa getini. Nawaambia ukweli, niliiangalia.

Kisha nikaweka chaki chini. "Wazee, neno la khocha halirudishwi na nyinyi. Basi nalirudisha mimi mwenyewe. Hili swali lina njia yake, mimi sikufundishwa. Kalkulasi tuliyosoma ni mlango tu, nyumba yenyewe sijaingia. Nekesa aanze ya Kwanza."

Halafu nyanya yake Nekesa akasema kutoka kwenye mkeka, "Na wewe uende naye," na tenti nzima ikaanguka kicheko, mpaka pasta. Dada yangu alinirudishia koti akiwa anafuta machozi. Nekesa hakucheka. Aliniletea maji ya kunawa, akamimina taratibu, akasema, "Asante, Mjomba."

Alianza ya Kwanza, na anaendelea vizuri. Sokoni Chwele sasa wananiita Moja kwa Sifuri, hata wateja nisiowajua, na bei yangu wanaikata kwa jina hilo. Nimeapa: nikiitwa tena kusema kama khocha, nitambariki mtoto, nimuulize yeye anataka nini, niseme hilohilo kwa sauti nzito, nikae. Lakini vipeo vya kawaida, vile ambavyo havifiki sifuri, bado hakuna mtu kati ya Kitale na Bungoma wa kunisumbua. Leteni ubao.