Nyanya Niliyemvika Leso

Mimi ni fundi cherehani na mdomo wangu ni mkali, wateja wangu wa mtaa wa Kisumu Ndogo wanajua. Siku ile niliingia kwenye maonyesho mjini Malindi kwa sababu ya jua tu. Nilitoka kununua nyuzi, nikaona mlango wazi na feni inazunguka, nikasema ngoja nipoe kidogo.

Ndani mlikuwa na vitu vya kizamani vilivyotengenezwa ili watu weusi tuchekwe. Makopo ya biskuti yenye sura zetu, midomo imechorwa mpaka masikioni. Tangazo la sabuni, mtoto anasuguliwa hadi awe mweupe. Ukutani waliandika kwamba vimewekwa ili tusisahau tulivyodharauliwa. Nisahau vipi, na juzi tu kule Watamu mgeni wa hoteli aliniita kwa mluzi?

Kisha nikafika kwenye postikadi. Wanawake wa huku kwetu, vifua wazi, picha ambazo Wazungu walikuwa wakitumiana kwao. Moja ilikuwa na jina la kijiji cha mama yangu na maneno haya: kisura wa porini mwenye furaha. Mwanamke pichani alivaa hando tu, ile sketi yetu ya kale. Kichwa kipara, shingo haina hata ushanga mmoja. Mkono wa kushoto ulikuwa na kovu la moto kutoka kiwikoni hadi kwenye kifundo. Na uso ulikuwa wa mama yangu mtupu.

Kovu lile nililijua kwa kusimuliwa. Mama alifiwa na mamake akiwa mdogo sana, na kila mara husema, mkono naukumbuka, uso sina. Sasa presha ya macho imemla jicho moja, na la pili linaona mwanga na kivuli tu. Daktari alishasema hali itazidi kuwa mbaya. Ombi lake kwa Mungu ni moja, amwone mamake kabla giza halijafunga.

Nilimwomba msimamizi niipige picha kwa simu, mama aisogeze karibu na jicho. Akakataa kwa adabu. Alisema hawataki picha hizi zisambae tena, ndiyo maana wamepiga marufuku kamera na simu, na Ijumaa zinafungwa na kupelekwa kwingine. Nikamwambia huyu ni nyanya yangu. Akasema pole. Nililia mbele za watu, na sioni haya kusema.

Ijumaa asubuhi nilimleta mama kwa tuktuk. Alikuwa amejipaka mafuta na kuvaa leso zake za sikukuu. Nilikuwa nimemwambia kuna picha ya mamake mwenye kovu, basi. Ni maonyesho ya nini, sikumwambia. Moyo ulinikataa.

Aliweka uso kwenye kioo mpaka pua ikagusa. Akakaa hivyo kitambo, mwishowe akasema anaona weupe wa dirisha tu.

"Niazime macho yako," akaniambia. "Amevaa nini?"

Nyuma yetu wanafunzi walikuwa wakicheka vile vifua. Mimi nimelelewa kanisani, na kazi yangu miaka yote ni kuwasitiri watu. Aibu ikanikaba.

"Amevaa leso mbili nyekundu," nikasema. "Ushanga umejaa shingoni. Anacheka, mama."

"Na kichwani?"

"Nywele amesuka vizuri."

Mama akajitoa kwenye kioo. Akanieleza kwa upole jambo ambalo hakuwahi kunieleza. Shangazi aliyemlea alimwambia kwamba mamake alipigwa picha mara moja tu maishani, katika matanga ya mtoto wake wa kwanza. Alikuwa amenyolewa kichwa na kuvuliwa shanga, kama ilivyo desturi yetu kwa mfiwa, na Mzungu akamsimamisha juani vivyo hivyo.

"Huyo anayecheka siye," akasema. "Wanaoungua mkono ni wengi."

Nikamshika mikono nikamwambia nilidanganya, hana nywele, hana ushanga, hacheki, midomo ameibana kama wewe unapozuia kilio. Nikamwita msimamizi athibitishe, naye akathibitisha. Mama alimshukuru kwa moyo wake mzuri. Kisha akanipigapiga mgongoni, mimi mjinga wake.

"Sasa unanirudishia maneno yangu mwenyewe, mwanangu. Usijitese. Nipeleke nyumbani."

Wafanyakazi walikuwa wameshaanza kuteremsha postikadi na kuzipanga sandukuni. Tuktuk ilipokaribia nyumbani, akaniuliza kama yule mwanamke nimemwombea. Nikasema la.

"Tumwombee. Naye ni mama wa mtu."

Akafumba macho yake yale, akamwombea mamake kama mtu baki, nami nikaitikia amina.