Wino Uliokataa Karatasi

Ukifika Kindu na unataka karatasi ichapwe vizuri, muulize mtu yeyote kuanzia kituo cha gari moshi mpaka ukingo wa mto, atakuonyesha kibanda changu kwa kidole. Sijisifu, nakupa habari tu. Shule niliiacha darasa la nne, na leo watu wenye diploma wanakaa kwenye benchi langu, mikono magotini, wakisubiri nimalize.

Wino naujua tangu vita. Nilikuwa kijana, namfanyia kazi karani mmoja mzee aliyekuwa na mashine ya kupiga chapa karibu na ofisi za mji. Treni ilikuwa imesimama, boti zimesimama, na kidogo kilichoingia kiliingia kwa ndege. Ndege ilileta chumvi na sabuni, haikuleta utepe wa mashine. Na bila karatasi huendi popote. Ukitaka kwenda Kailo kutafuta mihogo, lazima uwe na karatasi ya kuonyesha kwenye kizuizi. Utepe wetu, ule mkanda wa kitambaa unaobeba wino, ulikauka mpaka herufi zikabaki kama makovu tu. Karani akasema tufunge kazi. Mimi nikasema hatufungi.

Nikakwangua masizi chini ya sufuria za mama yangu, nikayachanganya na mawese. Herufi zilitoka, lakini kila moja na duara la mafuta mekundu pembeni, na karatasi nzima ikanuka kama jikoni. Askari mmoja kizuizini aliinusa karatasi ya mama muuza mihogo, akamuuliza, "Mama, hii karatasi uliikaangia wapi?" Alicheka, akampitisha. Mimi niliposimuliwa sikucheka. Nilienda kwenye malori yaliyokufa njiani, nikachota mafuta ya injini, nikayachanganya na masizi, nikachuja kwa shati kuukuu, nikauvuta utepe ndani yake na kuuanika kivulini. Kujua kama wino umeiva, nilidondosha tone moja kwenye kitambaa cheupe. Likisambaa na kuacha mafuta pembeni, bado. Likitulia pale pale, tayari. Watu walienda Kailo na kurudi na chakula kwa wino wangu. Hilo nalisema mbele ya yeyote.

Sasa nina imprimanti, mashine kubwa ya kuchapa yenye vitanki ubavuni, unamimina wino kutoka kwenye chupa mpaka ujae. Chupa hizo nanunua kwa simu. Wauzaji wako Goma, Bukavu, Lubumbashi, wanaweka picha, unachagua, unatuma pesa, mzigo unapanda ndege. Shida ya simu ni kwamba unanunua kwa macho tu. Mawese sokoni utachovya kidole, utanusa, utasugua. Kwenye simu kila chupa inang'aa. Wenzangu wengi hapa mjini wametumiwa maji ya rangi wakalia. Mimi hapana, kwa sababu nina kipimo changu cha tangu vita, na kila muuzaji mpya lazima anifanyie mbele ya kamera.

Basi binti yangu wa kwanza akapata mchumba. Baba wa kijana ni mfanyabiashara wa Kalima, mtu mwenye maneno machache na gari mbili. Siku ya makubaliano alisema kadi za mwaliko zitatengenezwa Goma, anawajua watu huko. Nikamwambia mbele ya wazee wote kwamba kadi za mtoto wangu zitatoka kwenye mashine yangu. Kwetu mwenye kadi njo mwenye harusi, ndiye mwenye sherehe. Jina lake linatangulia, na watu wake njo wanaozipeleka nyumba kwa nyumba, wanakaribishwa, wanakaa, wanasema neno. Sikuwa tayari kumwachia.

Akatabasamu kidogo. "Sawa, mukwe. Lakini mashine ikishindwa, uniambie mapema."

Neno hilo "ikishindwa" sikulisahau. Binti yangu alikuwa nyuma ya pazia, alisikia yote. Wageni walipoondoka akaja kukaa karibu nami.

"Baba, usiniangushe kwa wale watu. Njo kule nitaishi."

Nikamwambia alale usingizi.

Wino wangu wa rangi ulikuwa umebaki kidogo. Nikampata muuzaji mpya Goma, mama mmoja mwenye sauti ya upole na bei nzuri. Nikamtumia ujumbe wa sauti: chukua kitambaa cheupe, dondosha tone, nione. Akakawia kujibu.

"Papa, munachapaka nguo?"

"Nachapa vyote," nikamjibu. Hata kwenye ubao wa kibanda changu imeandikwa hivyo.

"Sawa, nimeelewa. Niko na ile yenye unatafuta."

Akanitumia picha ya kitambaa chenye maua mekundu, mekundu kweli, na majani ya kijani utadhani yamechumwa sasa hivi. Halikuwa tone, lakini rangi ilikuwa imetulia pale pale, nikasema hiyo hiyo.

Chupa zilifika salama. Nikasafisha vitanki, nikamimina, nikaweka karatasi nene ya kadi, nikamwita binti aje aone kadi yake ya kwanza ikitoka. Ikatoka. Kwenye picha, sura yake ilikuwa na rangi ya majivu, chini ya macho kijani, na gauni lake jekundu limekuwa kama maji ya mto siku ya mvua. Nikasafisha mashine tena. Nikabadili karatasi. Ikatoka vile vile.

Binti akaishika kadi kwa ncha za vidole. "Baba, huyu ni mimi, au ni mimi nilipokuwa na malaria?"

Mama yake akacheka. Binti mwenyewe hakucheka. Aliigeuza kadi kifudifudi mezani, akasema polepole, "Watu wa Kalima wataiona hii."

Wakati huo huo simu ikalia. Ni mukwe, baba wa kijana.

"Kadi zimetoka?"

"Zimetoka," nikasema. Sikudanganya, zilikuwa zimetoka.

"Vizuri. Keshokutwa nashuka Kindu, nitapita kuziona."

Nikampigia mama wa Goma kwa hasira. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia kwa upole wake ule ule, "Lakini Papa, uliniomba nikuonyeshe kwenye nguo. Nikauliza, ukasema unachapa vyote. Hiyo ni wino ya nguo. Kwenye karatasi inakuwaka hivyo, kama imekufa. Karatasi inabeba tu, moto mukali njo inaipeleka kwenye nguo. Hauna mashine ya moto? Ya karatasi iko, nitakutumia, lakini ndege ya huko sijui itaruka lini."

Kipimo changu kilikuwa cha utepe, na utepe ni kitambaa. Nilikuwa nimemwonyesha mama wa watu mlango mmoja, naye akaingia huo huo.

Mke wangu alikuwa amesimama hapo, simu ilikuwa kwenye sauti kubwa. "Moto mukali?" akasema. "Pasi yangu ya makala haina moto?"

Akawasha makala, yale makaa ya kupikia, akapepea mpaka pasi ikawa haishikiki. Tukaweka kadi kifudifudi juu ya kipande cha kitenge kikuukuu, upande wa ndani uliopauka, akakandamiza kwa uzito wake wote. Alipoiondoa karatasi, sura ya binti ilikuwepo, ina rangi kidogo, lakini mke wangu ni mtu wa kuhakikisha: akapeleka kitambaa kwenye beseni, akakipiga sabuni, na binti akaondoka na povu.

"Pamba haitaki," akasema. Akaenda chumbani, akarudi na bitana ya sketi yake ya zamani, nyeupe, nyepesi, ile inayong'aa na kuteleza. Makala tena, pasi tena. Karatasi ilipobanduliwa, wote watatu tuliinama kuangalia. Ngozi ya binti ilikuwa ngozi yake. Gauni lilikuwa jekundu kuliko gauni lenyewe. Ikapigwa sabuni, ikakamuliwa, ikabaki vile vile.

Binti akaisogeza usoni. "Baba, majina yetu yanarudi nyuma."

Kweli, herufi zote zilikuwa zimegeuka kama kwenye kioo. Hilo halikunisumbua. Mashine yangu naijua kila kitufe, na baada ya kubonyeza huku na huku ikakubali kuchapa kinyume, ili pasi irudishe sawa.

Nikaenda kwa jirani yangu wa Butembo anayeuza vitambaa, nikamwomba jora la kile cheupe kinachong'aa.

"Jirani, umeacha karatasi, unashona mapazia?"

"Subiri mwaliko wako," nikamwambia.

Mukwe alipofika, meza ilikuwa imejaa vitambaa vya kichwa vilivyokunjwa pembe tatu. Alikaa, akanywa maji, akatazama huku na huku.

"Kadi ziko wapi?"

Mke wangu akamfunulia kimoja. Wachumba katikati, majina yao chini, siku na mahali pembeni, na jina langu juu, kisha lake. Akakisugua kwa kidole gumba. Akakigeuza. Akakinusa hata.

"Na mvua?" akauliza.

"Karatasi ingeiogopa mvua, mukwe. Hii mama wa mtoto ameshaipiga sabuni."

Kisha akakikunja, akakitia mfuko wa shati, akakitoa tena. "Watu wangu ni wengi kuliko nilivyokuambia," akasema. "Wa Kalima peke yao wataniuliza mbona wengine wamepata na wao hawakupata."

"Mashine haijashindwa," nikamwambia. Alicheka mpaka akakohoa.

Tulipiga pasi siku zile mpaka mikono ya mke wangu ikanuka makala hata akiswali. Vitambaa vikapelekwa nyumba kwa nyumba na watu wangu. Na siku ya harusi, wale kina mama wa Kalima walishuka kwenye gari wakiwa wamejifunga binti yangu kichwani, kila mmoja. Binti mwenyewe aliwaona kutoka dirishani. Akanitafuta kwa macho katikati ya watu, akaweka mkono kifuani. Mimi nilikuwa na vumbi jichoni.

Huko Kalima anakoishi sasa, binti ananipigia kila mara na maombi ya vitambaa. Kwaya moja inataka vya rangi ya bluu, mabibi wa msikiti wanataka vya Maulidi. Nimenunua imprimanti ya pili: ya kulia ni ya karatasi, ya kushoto ni ya nguo. Mama wa Goma bado njo muuzaji wangu. Nikiagiza, haniulizi tena. Ananitumia video mbili, tone moja kwenye kitambaa, tone moja kwenye karatasi, nami nachukua wino wa aina zote mbili. Ule ubao wa kibanda nimeupaka rangi upya, maneno ni yale yale: Nachapa vyote.