Shuka, Rola na Nyimbo za Mzee Basappa

Hapana, Kerubo. Usiniambie ati ukweli utamuua baba. Baba yangu amefundisha maisha yake yote, amepona malaria, amepona wakaguzi wa shule, hawezi kuuawa na shuka. Na ile hoja yako nyingine, kwamba hata wewe kazini kwako Inver Grove Heights unawaosha wazee na nyumbani wanakuita nesi, hiyo si hoja. Hiyo ni kusema tu kwamba nyumba hii ina waongo wawili.

Umeshatoka kwenda kazini na umebamiza mlango ukisema: "Mpeleke ziwani, mnunulie aiskrimu, mwambie ofisi imefungwa! Kwani ni ngumu?" Kwa hivyo nakujibu hapa kwenye daftari. Ni saa kumi na mbili jioni na jua la Juni bado liko juu ya University Avenue hapa Saint Paul kama saa tisa ya kwetu Wundanyi. Baba anakoroma kwenye kitanda changu, maana mwili wake haujafika, uko njiani bado unatoka Kenya. Watu wa kanisa la mji wa Blaine waliowaalika wazee wa kwetu ndio waliomleta mchana na gari, akae nami siku mbili. Hata hajakaa akaniuliza, "Kesho utanipeleka ofisini kwako, mama? Nataka kumshukuru bosi wako kwa mkono wangu."

Mimi sina ofisi. Nina miaka mitatu kwenye kiwanda cha kufulia nguo za hospitali, na kesho ndiyo siku ya mwisho ya bosi wangu, Mzee Basappa, anastaafu. Kutakuwa na chai saa ya mapumziko na tumeambiwa tulete watu wa nyumbani. Kabla sijaamua, acha niandike kazi ilivyokuwa, tangu siku ya kwanza. Hata wasichana wanaokuja nyuma yetu wasome, wale wanaodhani kuna ofisi zinawangoja airport.

Siku ya kwanza nilienda na viatu vya kisigino. Supavaiza wa Upande Mchafu, mama mmoja Mhmong, wale watu wa milima ya Laos, mfupi kuliko toroli anayoisukuma, alivitazama, akanipa viatu vya mpira. Kiwanda kina ukuta katikati. Huku ni Upande Mchafu, kule ni Upande Safi, na huvuki bila kunawa na kubadilisha nguo, ili vijidudu visitembee. Huku mchafu kazi ni kupanga: shuka kwake, taulo kwake, gauni za wagonjwa kwake. Unavaa glavu mbili mbili na jicho linatangulia mkono, maana sindano husahaulika ndani ya shuka. Nilikuta mikasi. Nilikuta saa inatembea. Wiki ya pili nilikuta meno bandia, seti nzima, na nikapiga yowe la kwetu kabisa.

"Yamekuuma?" yule mama akauliza, na akacheka mpaka akakaa kwenye mzigo.

Jioni ile ya kwanza nilimwandikia baba kwamba nimepata kazi ofisini. Sikupanga. Kalamu ilifika pale ikaandika. Kanisa zima lilinisindikiza mpaka Voi kwa nyimbo, na nyimbo zile hazikuwa za kufua. Baada ya hapo uongo unajilisha wenyewe. Nilimtumia hata picha nimekaa kwenye meza ya Meneja, simu sikioni, siongei na mtu.

Baada ya miezi kadhaa nikahamishiwa kwenye mashine za kukamua, zile zinazozungusha nguo mpaka maji yote yanaruka nje na shuka zinatoka zimeshikana kama sima ya harusi. Pale mkubwa wangu alikuwa Supavaiza wa Mashine, mzungu mrefu ambaye mwaka mzima aliniambia maneno mawili: "Toa mkono." Vidole vyangu vyote kumi viko, namshukuru. Lakini nilikuwa nachoshwa na kile kimya. Nilikuwa tayari ku-quit. Nilishaandika barua, iko mfukoni, nangoja tu Ijumaa.

Alhamisi wakanipeleka kwenye rola.

Rola ni pasi, lakini pasi ya ukubwa wa chumba. Ni mitungi ya chuma inayozunguka na moto wa mvuke ndani. Watu wawili mnashika ncha mbili za shuka, mnaivuta ikae sawa, mnaitia pamoja, na upande wa pili inatoka kavu, imenyooka, ya moto kama chapati. Mmoja akivuta mapema, inaingia imepinda na mashine inasimama. Kwa hiyo mnahitaji pumzi moja. Supavaiza wa Kumalizia ndiye huyu Mzee Basappa, anatoka Karnataka, kusini mwa India, lugha yake Kikannada. Anavaa tai chini ya aproni. Kupata hiyo pumzi moja, yeye huimba.

Siku hiyo ya kwanza nilidhani anajisemea tu. Nikamuuliza, "Mzee, unaimba nini?"

"Mfua nguo anaongea na Mungu wake."

"Kuna wimbo wa mfua nguo?"

"Kwetu kuna wa mfua nguo, wa mshona viatu, wa mwenye mtumbwi, wa mwanamke anayetwanga mpunga. Karne nyingi zilizopita walikaa pamoja wakatunga maneno kwa lugha ya nyumbani, siyo ile ya makuhani. Vuta, vuta! Unaniuliza maswali na shuka inapinda."

Mimi ni mtu wa haraka na ni mtoto wa shule ya kanisa. Siku nzima nilibishana naye. Nikamwambia Mungu wake si Mungu wangu. Akasema, "Sawa, mwite jina lako, lakini shuka ni hii hii." Aliposema kazi ni ibada, nikamwambia hayo ni maneno ya mabosi, wanayasema ili watu wafue wakinyamaza. Hapo alisimamisha rola. Nikajua nimefukuzwa kabla sijatoa barua yangu.

"Umesema kweli," akaniambia. "Bosi akiimba hivyo peke yake, ni mwongo. Lakini hawa walikuwa wenyewe wafuaji. Na wafalme hawakuwapenda."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu walikaa mkeka mmoja na watu wakubwa."

"Sasa hao wafuaji wanasema tulizaliwa kufanya nini? Kufua tu?"

Alifikiri. Watu nyuma yetu walikuwa wanangoja na matoroli. "Wanasema kuzaliwa mtu ni jambo kubwa, na hujui kama utalipata tena, usilitupe. Chukua kazi iliyo mkononi. Ifanye bila hila. Unachopata, kula na wenzako. Usijione juu ya mtu, wala chini ya mtu. Sisi kazi ya namna hiyo tunaiita kayaka. Wengine wanamtafuta Mungu mwisho wa safari. Hawa walisema wamemkuta humo humo kazini, mikono ikiwa na maji." Akawasha rola. "Na sasa tumechelewa shuka mia, kwa sababu ya theolojia yako!"

Barua yangu niliitia kwenye pipa, na sikumwambia mtu.

Lakini msidhani niligeuka malaika. Kuna siku, dakika kumi kabla ya basi langu, shuka ilitoka kwenye rola na doa katikati, la rangi ya chai. Sheria ni kuirudisha Upande Mchafu ianze upya. Mimi nikaikunja doa likakaa ndani, nikaipanga na zingine, nikakimbilia koti. Mzee alikuwa anakagua. Mkono wake ukaenda kwenye ile ile, kana kwamba ilimwita.

Hakunipigia kelele. Alivua tai, akakunja mikono ya shati, akaibeba mpaka kwenye sinki la kuoshea ndoo, akamwaga sabuni na akaanza kuifua kwa mkono. Akaipiga kwenye ukingo wa saruji, pa! pa! na wimbo juu yake. Watu wakajaa. Yule mama Mhmong alivua glavu, akanawa, akabadilisha nguo, akavuka ukuta kuja kuona. Akatingisha kichwa, akasema hapigi vizuri, akamnyang'anya na kumwonyesha vile kwao wanapiga mtoni. Basi mimi nami nikaona, kwa nini Wataita tubaki nyuma? Nikaingia. Sote watatu tumelowa mpaka kifuani, watu wanapiga makofi, na Meneja huyo hapo mlangoni.

"Basappa," akasema polepole, "tuna mashine za kazi hii."

"Mashine ilishindwa, sir," Mzee akajibu, anachuruzika maji. "Tumeipa mapumziko."

Meneja aliondoka anatingisha kichwa, lakini nilimwona mabega, alikuwa anacheka. Basi langu lilishaenda. Nikaenda nyumbani kwa miguu na viatu vinalia maji, na sijawahi kufurahi hivyo tangu nifike nchi hii. Tangu siku hiyo hakuna shuka yenye doa iliyopita kwangu. Hakuna aliyenikataza. Najua tu kuna mtu atalala pale.

Nyimbo nilizijua moja moja. Maneno sielewi yote, Mzee hunieleza kila mstari, lakini rola inazielewa. Siku hizi mimi ndiye nawafundisha wasichana wapya kuvuta pamoja, na kazi inakwenda mpaka wengine wanasahau kuangalia saa.

Wiki hii nilimuuliza ataishi vipi bila sisi.

"Nitafua," akasema. "Mke wangu ameninyooshea mashati tangu tuoane. Sasa ni zamu yangu."

"Hujachoka, Mzee? Miaka yote hiyo?"

"Nimechoka mgongo. Sijachoka kuimba. Mghoi, nilikuja hapa nikidhani nitafanya kitu kikubwa. Kwa muda nilikasirika kwamba sikukifanya. Halafu siku moja niko hapa kwenye rola, nikaona kwamba mtu fulani, mgonjwa nisiyemjua, analala vizuri usiku huo, na mimi nimo humo. Nikasema, basi, kilikuwa hiki." Kisha akaniangalia. "Siku ya chai utaimba. Mlete baba yako, si anafika? Mwalimu atapenda nyimbo."

"Baba atakuwa bizi."

"Mtu mgeni Amerika, bizi na nini?" Halafu akauliza, "Anajua unafanya kazi gani?"

Nikachukua shuka nyingine. Naye alishika ncha yake, akaningoja nishike yangu.

Ndiyo hapo, Kerubo. Niliimba siku hizi zote kwamba mtu asijione chini ya mtu, na kila mwezi nikaweka stempu kwenye bahasha inayosema najiona chini. Mzee alisema bila hila. Mimi shuka yenye doa nairudisha, lakini barua yenye doa nampelekea baba. Unasema namlinda baba. Baba hajaniomba nimlinde. Aliomba tu kumshukuru bosi wangu, na ninaye bosi wa kujivunia kuliko wote walio na ofisi Minneapolis na Saint Paul zikiunganishwa.

Najua anaweza kukasirika. Amewaambia watu wengi kwamba nina ofisi. Anaweza kunyamaza ule unyamavu wake wa darasa, kisha apige simu Blaine waje wamchukue. Lakini akisikia kutoka kwa mtu mwingine ataumia zaidi, na mimi sitaweza kesho kusimama mbele ya Mzee nikaimba hizo nyimbo na baba yangu yuko ziwani anakula aiskrimu ya uongo.

Kwa hiyo nimeamua. Kesho saa kumi na moja na nusu alfajiri nitamwamsha, nimpe chai ya maziwa kama anavyoipenda, nimwambie kabla hajaimaliza: "Baba, sikuwahi kuwa na ofisi. Nafua shuka za wagonjwa, na nazifua vizuri." Nitamwacha aseme yote anayotaka kusema. Akikataa kuja, nitaenda peke yangu na nitaimba. Akikubali, nitamwambia avae suti yake na ile tai aliyoining'iniza mlangoni leo mchana, kwa sababu ni kweli anakwenda kukutana na bosi wangu.