Ng'ambo ya Daraja

Mama alikuwa mfanyakazi wa nyumbani kwa Wazungu, huko Kitisuru, Nairobi, na sukari yake aliiweka katika kopo la biskuti ambalo memsabu alilitupa. Kwenye kifuniko palichorwa daraja la mawe lenye taa nzito, na chini yake jina la Paris kwa herufi za dhahabu. Daraja lilianzia kushoto likakatwa na ukingo wa kifuniko kabla ya kuvuka mto. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza mama linakwenda wapi. Akasema hajui, kopo limeishia hapo.

Baraza ya memsabu ilisuguliwa kila asubuhi kwa dawa nyekundu ya sakafu. Mama aliisugua akiwa amepiga magoti, kila goti limefungwa kipande cha gunia. Siku moja nilikuwepo memsabu alipomwambia, kwa Kiswahili chake cha jikoni, "Ulaya hapana mtu napiga magoti hivi. Mungu nafanya magoti yenu kwa kazi hii." Nilichemka. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na mama alinikanyaga mguu ili ninyamaze. Baadaye alinikumbusha kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame, na cha mvunguni kilikuwa karo yangu. Kisha akaniuliza kama aliyosema memsabu ni kweli.

"Ni uongo," nilisema.

"Umejuaje?"

Swali hilo liliniuma kuliko maneno ya memsabu.

Katika miaka ya hamsini nilipata nafasi ya kwenda kusomea uuguzi Uingereza. Mama hakuniagiza zawadi. Alisema, "Ukifika ng'ambo, uniangalilie ng'ambo ya lile daraja. Kama kuna mtu anapiga magoti, uniambie. Kama hakuna, uniambie pia." Akaongeza kwamba nikipotea niulize kwa Kizungu.

Hospitalini nilikosomea, sakafu zilisafishwa kwa brashi zenye mipini mirefu. Wasafishaji walisimama wima, wakipiga soga. Nilianza kuogopa kwamba memsabu alisema kweli.

Wakati wa Pasaka tulikwenda Paris kutembea, mimi na marafiki wawili. Mmoja alikuwa mwuguzi kutoka Mombasa. Wa pili alikuwa binti wa Kihindi wa Nairobi. Kwetu tungeonana katika duka la vitambaa la baba yake tu, yeye nyuma ya kaunta, mimi mbele. Uingereza tulilala chumba kimoja na kuazimana sweta. Wenzangu walitaka mnara na madirisha ya maduka. Mimi nilitaka daraja.

Nani aliniambia mji huo una daraja moja? Yalikuwa mengi, na mvua ilinyesha rasharasha bila kuchoka. Niliuliza njia kwa Kizungu, kama nilivyoagizwa, watu wakanitazama tu. Nyumbani Kizungu kilikuwa kimoja, cha Wazungu wote. Nilikuwa nimekisomea hadi kichwa kikaniuma, na hawa Wazungu hawakijui. Wa Mombasa alicheka hadi akashika ukuta.

"Dada, tuko ng'ambo tayari," alisema. "Wataka ng'ambo gani tena?"

"Ng'ambo ya ile daraja."

"Lile daraja," alinisahihisha, kama kawaida yake. Lakini alinifuata.

Binti wa Kihindi, viatu vimejaa maji, ndiye aliyezitambua taa, maana nilikuwa nimewaeleza hadi wakachoka. Tukavuka. Upande wa pili palikuwa na majumba makubwa na watu wenye miavuli, wote wima. Wenzangu walitaka turudi tukanywe kitu cha moto. Nilikataa. Niliwaambia sikutoka Nairobi kuja kuona miavuli, nikakata kona kuingia kichochoro.

Mama mmoja wa Kizungu alikuwa akisugua ngazi za mlango. Alipiga magoti juu ya gunia lililokunjwa, ndoo kando yake, mikono imewiva kwa maji baridi. Salamu ya kwetu ikanitoka yenyewe: "Mulembe, mama." Akainua kichwa, akafuta mikono kwenye aproni, akanijibu kwa lugha yake. Nilijua ameitikia. Nilifurahi mno, halafu nikaona haya kufurahia magoti ya mwenzake mama.

Nilipohitimu nikarudi Nairobi, nilishuka basi Kangemi nikatembea hadi Kitisuru, nikaingia kwa mlango wa nyuma. Mama alikuwa chumbani kwake, kopo liko palepale. Nilimweleza kabla sijavua koti.

"Ulimsalimia?" ndilo swali lake la kwanza.

"Nilimsalimia. Akaitikia."

"Ana gunia?"

"Kama lako."

Alifunika kopo. "Maskini," alisema, akamimina chai.

Nilirudi Jumapili iliyofuata. Gunia lilikuwa limetandikwa mlangoni pake, nikapangusia viatu. Nilimuuliza baraza ya memsabu inasuguliwaje sasa.

"Nimemwambia ninunuliwe brashi ya mpini," alisema. "Akasema sawa, akaniuliza mpini mrefu kiasi gani."

Mama aliinuka kitini, akanyoosha mgongo, akaweka kiganja chini ya kidevu.

"Nikamwonyesha hapa."