Gari Lenye Adabu

Jina la Mwalimu Breki alipewa na wanafunzi wake, na hakuna aliyewahi kumuuliza kama analipenda. Kazi yake ilikuwa kufundisha watu kuendesha gari. Gari la shule yao lilikuwa na pedali za ziada upande wa abiria, klachi na breki, na huko ndiko alikokaa miaka yote, mikono magotini, macho barabarani, mguu wa kulia tayari. Mwanafunzi akizubaa, mguu unashuka, na mdomo unafuata. "Unaenda wapi? Nakuuliza, unaenda wapi? Huo ni ukuta, hauna mlango!" Watu wazima wenye vyeo vyao na vitambi vyao walitoka ndani ya lile gari midomo ikiwatetemeka, na kesho yake wakarudi, maana kusema kweli walikuwa wanaelewa.

Shida ni kwamba ule mguu haukujua saa za kazi zinaisha lini. Akipanda basi, ulikanyaga sakafu kila dereva alipokaribia kona. Akitazama mpira kwenye televisheni, mshambuliaji akichomoka mbio, mguu ulibonyeza zulia. Na mezani, mkewe akianza kusema, "Hivi juzi uliponiambia unachelewa kazini...", nyumba nzima ilisikia soli ikigonga sakafu. Binti yake mdogo ndiye aliyegundua mchezo huo. "Baba kafunga breki!" akasema. Tangu hapo mkewe hakuhangaika tena kumtazama usoni akitaka ukweli. Alitega sikio chini ya meza.

Sasa basi, mtu huyu mwenye mdomo mkali namna hiyo, kulikuwa na binadamu mmoja tu ambaye mbele yake hakuwa na mdomo kabisa. Ni mama mkwe wake. Alikuwa mkunga mstaafu, mama mnene wa wastani, mtulivu, asiyependa maneno mengi. Hakuwahi kumfanyia mkwe wake ubaya wowote. Lakini tangu siku ile aliyokwenda kujitambulisha kwao, Mwalimu Breki hakuwahi kumtazama zaidi ya muda wa salamu. Alizungumza naye akiviangalia vikombe.

Kwa hiyo jioni moja mkewe aliposema, "Mama anataka kujifunza gari," alijibu haraka.

"Vizuri sana. Shule zipo nyingi."

"Anataka umfundishe wewe."

Chini ya meza, soli iligonga sakafu.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Baba mkwe wake, fundi umeme wa zamani, macho yalikuwa yamefifia mpaka daktari akamkataza usukani. Gari lake dogo la buluu lilibaki uani chini ya kibanda cha mabati. Kila asubuhi alilifuta kwa kitambaa, ingawa kwake lilikuwa doa la buluu tu. Kuendeshwa na dereva wa kukodi alikataa katakata. Matokeo yake hakutoka tena; alikaa kwenye kiti chake barazani akisikiliza magari ya wenzake yakipita. Mwisho akakata shauri: mwenye duka la dawa pale jirani atalichukua gari mwishoni mwa mwezi. Mama mkwe ndiye aliyeomba apewe nafasi. Akipata leseni, gari libaki. Akifeli, liende.

Mbele ya mumewe hakusema zaidi ya hapo. Kwa binti yake alisema yote. "Likitoka hili gari, baba yenu ndiyo basi tena. Atakaa kwenye kile kiti mpaka siku tutakayomtoa tumembeba."

Hapo Mwalimu Breki angekataaje?

Masomo yakaanza, na kazi ilikuwepo. Mwanafunzi mwingine angeambiwa "Kata kushoto!" na ikaisha. Kwa mama mkwe mambo hayakuwa hivyo. "Mama, samahani, kama haitakuwa usumbufu, hapo mbele kidogo tungeomba, kwa hisani yako, tuelekee kushoto." Alipofika kwenye neno "kushoto", kona ilikuwa imebaki nyuma zamani, nao wako njiani kuelekea stendi ya malori. Waliuona mji vizuri sana mwezi ule. Kuna mitaa Mwalimu Breki hakuijua, na aliijua siku zile kwa sababu ya heshima.

Kukata kona kulikuwa na nafuu. Hatari haikungoja sentensi iishe. Siku moja mtu wa baiskeli aliyebeba godoro kichwani akajitokeza mbele yao ghafla. Mwalimu Breki akaanza, "Mama, naona kama hapo mbele kuna ndugu yetu mmoja..." Ulimi bado unatafuta adabu, mguu ulishamaliza kazi. Gari likasimama taratibu, godoro likapita salama. Mama mkwe akatikisa kichwa, ameridhika.

Ikawa ndiyo desturi. Mbuzi, mtoto, tuta, lori linalorudi nyuma, vyote vilishughulikiwa na mguu wa mkwe, kimyakimya.

Siku ya Jumapili wote walikuwa wameketi barazani kwa wazee. Mama mkwe akimimina chai akasema, "Lile gari la shule lina adabu kweli. Likiona hatari linasimama lenyewe. La baba yenu sijui kama linajua mambo hayo."

Watu wakacheka, wakidhani mama anatania. Mwalimu Breki akakiweka kikombe chini. Alikuwa ameelewa jambo ambalo mwalimu yeyote angeliona siku ya pili. Mama mkwe hajawahi kufunga breki. Pedali yenyewe aliijua. Siku ya kwanza alionyeshwa, kwa kunong'onezwa. Lakini aliikanyaga mwisho wa somo tu, gari likishasimama, kama mtu anayerudishia mlango. Barabarani alichofanya ni kuinua mguu kwenye mafuta na kusubiri. Na mtihani ulikuwa wiki inayofuata, na anayekaa upande wa abiria siku hiyo ni mtahini. Mtahini akigusa breki ya upande wake, umefeli, hakuna mjadala.

Usiku ule alimbembeleza mkewe. "Mwambie mama."

"Mwambie mwenyewe. Mimi ndiye mwalimu?"

"Nitamwambiaje kwamba siku zote hizi nimekuwa namdanganya kwa mguu?"

"Kwa mdomo," mkewe akasema, akageukia ukutani.

Kesho yake alijaribu. Alikuwa ameandaa hotuba nzima. "Mama," alisema, "gari ni chombo." Mama mkwe akaitikia, "Ndiyo, mwanangu," akangoja. Mwalimu Breki akamalizia kwa kueleza umuhimu wa kujaza upepo kwenye matairi, jambo ambalo ni kweli lakini halikuwa lenyewe.

Ndipo alipopata ujanja. Aliwaza kwamba neno asiloweza kulisema, acha gari liliseme. Walikwenda kwenye uwanja mtupu nyuma ya maghala, mahali wanafunzi wanapojizoeza. Mwisho wa uwanja kulikuwa na matairi mabovu yamepangwa juu kwa juu, yamepakwa chokaa, na pembeni yake mlinzi wa maghala amekaa kwenye kiti cha plastiki akiota jua.

"Leo nitakaa nyuma, mama," alisema. "Ili uzoee kuwa peke yako."

Mama mkwe akaondoa gari vizuri kabisa. Gia ya kwanza, ya pili, ya tatu, usukani umetulia. Matairi yakaanza kukaribia. Akainua mguu kwenye mafuta, akakaa wima, akisubiri gari lionyeshe adabu yake. Gari halikuonyesha.

"Mama, kama hutojali..." Mwalimu Breki akaanza. Mguu ukashuka kwa nguvu zote, ukakuta kapeti tupu. Mlinzi alikuwa ameshaondoka, mguu niponye, kiti kimepinduka nyuma yake. Na hapo ndipo sauti ya miaka yote, ile ya kazini, ilipotoka bila kuomba ruhusa.

"BREKI! Kanyaga breki! Wewe mama, unaenda wapi? Kanyaga!"

Mama mkwe akakanyaga. Vumbi likatimka, injini ikazimika. Tairi la juu likadondoka, likabiringika polepole mbele ya gari, likalala.

Kutoka nyuma, Mwalimu Breki aliona kitambaa cha kichwa cha mama mkwe tu, nacho hakikugeuka. Wewe mama! Alikuwa amemwambia "wewe mama". Aliutazama mkono wa mlango. Aliifikiria ndoa yake, ambayo kwa jumla ilikuwa nzuri.

"Hebu rudia," mama mkwe akasema.

"Mama, nisamehe, sikukusudia..."

"Sijakuuliza mambo ya msamaha. Kumbe hii breki ndiyo inayosimamisha gari?"

"Ndiyo hiyo, mama."

"Na siku zote lilikuwa linasimamaje?"

"Ni mimi, mama. Upande ule kuna breki nyingine. Nilikuwa nakanyaga mimi."

Mabega ya mama mkwe yakaanza kutikisika. Mwalimu Breki akajua analia, akatamani ardhi ipasuke. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka akaegemea usukani, honi ikalia, na mlinzi aliyekuwa anarudi kukichukua kiti chake akakimbia tena.

"Na mimi nimewatangazia majirani wote kwamba gari lina adabu!" alisema akijifuta macho. "Kumbe mwenye adabu ni mkwe wangu!" Kisha kicheko kikakatika. "Lakini hiyo haya yako ingenikosesha leseni. Unajua nikikosa kinafuata nini?"

"Najua, mama."

"Basi nisikilize. Wewe unadhani mimi nimewazalisha wanawake kwa kunong'ona? Mtu anasukuma vibaya, nimwambie 'kama hutojali'? Niliwafokea, tena wengine wake za wakubwa. Na mtoto akishatoka, wakaniita mama. Njoo hapa mbele unifokee."

"Mama, siwezi."

"Unaweza. Nimekusikia kwa masikio yangu. Nje ya gari mimi ni mama mkwe wako. Humu ndani ni mwanafunzi mzembe. Na hiyo miguu yako uikunje."

Hivyo ndivyo walivyomaliza siku zilizobaki: Mwalimu Breki amekunja miguu juu ya kiti kama mtu aliyekaa mkekani, akipiga kelele mpaka wapita njia wanageuka. Alijitahidi sana, ila adabu haimtoki mtu kwa siku moja. Kila alipofoka, salamu ilimchomoka yenyewe mwishoni. "Unaenda wapi? Breki! Shikamoo mama!" Na mama mkwe, mguu ukiwa tayari kwenye breki, aliitikia, "Marahaba," akaendelea na safari.

Siku ya mtihani Mwalimu Breki alisimama nje ya uzio. Gari lilipoondoka na mtahini ndani yake, mguu ulianza kazi yake. Aliwahi kuwasindikiza watu wengi kwenye mtihani ule, na hakuna aliyemtia hofu namna ile. Alikuwa akikifikiria kile kiti cha barazani. Gari liliporudi, kisigino chake kilikuwa kimechimba shimo ardhini.

Mtahini, mtu mkavu asiyejua kucheka, alishuka na karatasi zake. "Huyu mama kafundishwa na nani?"

"Na mimi, afande."

"Kila ninapompa amri, ananijibu marahaba." Akageuza karatasi. "Lakini breki anaijua. Kapita."

Mwalimu Breki alitaka kumkumbatia mama mkwe wake, akakumbuka wako nje ya gari. Akakiangalia kioo cha pembeni, akasema, "Hongera, mama." Machozi yalikuwa yakimlengalenga, wala hakuyaficha.

Mwisho wa mwezi mwenye duka la dawa aliambiwa akatafute gari kwingine. Asubuhi hiyohiyo mzee akatolewa barazani, amevaa shati la mikono mirefu na viatu vilivyong'arishwa. Mama mkwe alishika usukani, Mwalimu Breki akakaa nyuma. Mzee aliingia upande wa abiria, akajisogezasogeza, akapapasa mlango, hakuridhika.

"Kiti hiki kimebonyea," alisema. "Sikujua. Sijawahi kukikalia."

"Kimebonyea kwangu," mama mkwe akasema. "Miaka yote hiyo nimekaa wapi?"

Gari la buluu likarudi nyuma, likatoka getini, likashika barabara. Lilipokaribia makutano, soli ikagonga sakafu. Mwalimu Breki akautazama mguu wake kwa aibu, lakini mlio ulikuwa umetoka sehemu mbili. Na mzee naye alikuwa amekanyaga, ameshikilia magoti kwa mikono yote miwili.

"Nyinyi wawili, ondoeni miguu," mama mkwe alisema. "Breki iko huku kwangu."

Gari likasimama pale lilipotakiwa kusimama. Malori yakapita mbele yao. Mzee aliyasikiliza mpaka la mwisho, kisha akayaachia magoti, akakiegemea kile kiti kilichobonyea.

"Kata kushoto," alisema.

"Kushoto kuna nini?"

"Sijui. Kata tu, utaniambia."